Mkaratusi unaosubiri mafuriko

Mwambie mtu wa Meru, Lushoto au Mufindi kwamba kuna mkaratusi ulio hatarini kutoweka. Atacheka, kisha atakuomba uanze na ule wa jirani yake uliopandwa juu ya chemchemi. Kwetu mti huu haujawahi kuwa wa kuonewa huruma. Unaukata, unachipua. Unauchoma, unachipua. Ndio nguzo za umeme zinazoshuka kutoka Njombe, ndio mirunda ya kushikilia zege mjini, ndio kuni za kukaushia chai, na ndio kesi kwa mtendaji wa kijiji kila kiangazi kisima kinapopungua. Kule Nyanda za Juu Kusini wanauita mlingoti, na mwenye ekari tano za milingoti iliyokomaa anasomesha watoto bila kukopa.

Mimi nimekulia pembeni mwa Olmotonyi, kilipo chuo cha misitu, juu kidogo ya Arusha. Mikaratusi ilikuwa mipaka ya mashamba, ilikuwa magoli yetu ya mpira, na majani yake tulichemsha kwa kujifukiza mafua. Sasa naishi magharibi mwa Sydney, kwenye vitongoji ambako ukipanda basi asubuhi utasikia Kiswahili cha Bujumbura, cha Uvira na cha Mombasa kabla hujafika kituo cha treni. Na nimejikuta nafuatilia habari za mkaratusi mmoja wa huku kama mtu anayefuatilia timu yake inayoshuka daraja.

Kwanza tukubaliane kwamba tunaposema mkaratusi tunazungumzia ukoo, si mti mmoja. Spishi zake zinazidi 800, karibu zote za Australia, na chache za visiwa vya kaskazini mwake kama Guinea Mpya na Timor. Mwaka 2019 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilipomaliza kuzitathmini zote, karibu robo zilikutwa ziko hatarini. Sisi Afrika Mashariki tunaijua mikono miwili ya vidole tu: globulus, saligna, grandis, camaldulensis, maidenii na wenzao wachache. Hiyo ndiyo iliyochaguliwa na watu waliokuwa na haraka. Menelik wa Pili, mfalme wa Ethiopia, alihitaji kuni za Addis Ababa, mji mpya uliokwisha kumaliza miti ya vilima vyake. Kenya iliingiza mikaratusi mwaka 1902 kwa ajili ya tanuri za treni ya reli ya Uganda. Anayetafuta kuni hatafuti mti unaodeka. Anatafuta unaokua popote, na huo ndio tuliopata, na kwa huo tukauhukumu ukoo mzima.

Huu ninaoufuatilia unadeka.

Kisayansi unaitwa Eucalyptus benthamii. Wenyeji wa Sydney wanauita kwa jina la mji wa Camden na kwa weupe wa shina lake. Ulielezwa rasmi mwaka 1915 na wawili: Joseph Maiden, aliyekuwa mkuu wa bustani ya mimea ya Sydney, na Richard Cambage, mpima ardhi wa migodi aliyependa miti kuliko migodi. Wakaupa jina la George Bentham, Mwingereza aliyeandika juzuu saba za mimea ya Australia bila kukanyaga Australia hata siku moja. Hilo halinishangazi sana. Mimea mingi ya kwetu nayo imebatizwa na watu walioketi Berlin.

Ukitaka kuuona kwa urahisi nenda Bents Basin. Mto Nepean unatoka kwenye korongo la mawe na kuingia ghafla kwenye dimbwi pana lenye maji ya kijani, na kandokando yake kuna tambarare za mchanga na tope ambazo mto wenyewe umezileta kwa maelfu ya miaka. Wikiendi familia zinachoma nyama pale na watoto wanaruka majini. Wengi wanaweka mablanketi yao chini ya mti huu bila kujua wamekaa chini ya nini, na sidhani kama ni lazima wajue.

Simama karibu na shina. Chini, kuanzia mizizini hadi usawa wa kifua au zaidi, gome ni la kijivu, limekakamaa na linabanduka vipande. Juu ya hapo mti unabadilika kabisa: shina linakuwa jeupe na laini, la baridi ukiligusa hata siku ya joto, na kwenye matagaa zinaning'inia tepe ndefu za gome kuukuu ambazo upepo ukivuma zinagonganagongana. Mti mzima unaweza kufika mita 40. Miche yake ni kama ya mti mwingine. Majani yake ni mapana, yana rangi ya samawati yenye unga, na yamekaa mawili mawili yakikumbatia kijiti bila kikonyo. Mti ukikua unayaacha hayo na kuvaa majani marefu membamba ya mkaratusi tunayoyajua. Maua ni meupe, vichipukizi vyake vinatoka saba saba. Tunda ni kikombe kigumu cha milimita chache tu, na ndani yake kuna mbegu ndogo kiasi kwamba ukizimwaga kiganjani na kuhema, umezipoteza.

Hizo mbegu ndizo kisa chote. Mkaratusi hauhifadhi mbegu ardhini kwa miaka kama mgunga unavyofanya. Unazishikilia juu, ndani ya vile vikombe, na kuziachia kidogo kidogo. Zikianguka juu ya majani makavu au nyasi, sisimizi wanazikusanya, au zinachipua na kufa kabla mzizi haujagusa udongo. Mti huu unataka udongo mtupu, wenye unyevu, wenye jua. Kando ya mto, udongo wa namna hiyo unapatikana kwa njia mbili: moto upite uunguze kila kilichofunika ardhi, au mto ufurike, ung'oe nyasi na vichaka, na kuacha tope jipya. Mafuriko kwa mti huu ni msimu wa kuzaa. Pasipokuwa na mafuriko, wazee wanabaki wamesimama, weupe, warefu, wanapendeza kwenye picha, na chini yao hakuna mtoto.

Kwa hiyo hauishi popote. Unaishi kwenye ukanda mwembamba wa tambarare za mto Nepean na vijito vyake, kusini magharibi mwa Sydney. Kundi kubwa kabisa liko bonde la Kedumba, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Blue Mountains: miti takriban 6,500. Bents Basin ina mamia machache. Kwingineko, kuzunguka Camden na Wallacia, imebaki mmoja mmoja au vikundi vidogo kwenye kingo za malisho na nyuma ya nyumba za watu. Sheria ya taifa na ile ya jimbo la New South Wales zote zinautambua kuwa uko hatarini, ingawa haujawekwa kwenye daraja la juu kabisa la hatari.

Watu wa mwanzo wa mabonde haya ni Wadharawal, Wadharug na Wagundungurra. Waingereza walipofika mwaka 1788 walikuja na ng'ombe waliowanunua Rasi ya Tumaini Jema, fahali wawili na majike wachache, na haikupita miezi mingi ng'ombe wakapotea. Mchungaji aliyelaumiwa alikuwa mfungwa. Mwaka 1795 wakapatikana: walikuwa wamevuka msitu wenyewe, wakafika tambarare za Nepean, na sasa walikuwa kundi la makumi, wamenona. Ng'ombe wa Afrika, bila mchungaji, wameitafuta malisho bora ya Sydney nzima na kuipata kabla ya gavana. Mtu wa ufugaji akisoma hapo lazima atabasamu. Wadharawal waliwachora kwa mkaa kwenye pango moja karibu na Campbelltown. Ni wanyama wakubwa wenye miili mizito, waliochorwa na mtu ambaye hakuwa amewahi kuona kiumbe cha namna hiyo.

Mahali pale pakaitwa malisho ya ng'ombe, Cowpastures, na kuanzia hapo hatima ya mti ikawa imeandikwa. Mwaka 1805 John Macarthur alipewa ekari 5,000 pale pale kwa ajili ya kondoo wake wa merino. Mlowezi yeyote mwenye akili huanza na udongo wa kando ya mto, kwa sababu ndio wenye rutuba, na udongo wa kando ya mto ndio pekee ambao mkaratusi huu unaujua. Mingine ya ukoo wake ilikuwa inaishi kwenye miamba na vilima ambavyo hakuna aliyevitaka, nayo ipo mpaka leo. Huu ulikuwa umekaa juu ya shamba. Baadaye, kule Penrith, wachimba mchanga na kokoto nao wakaja kuitafuta tambarare ileile, maana Sydney inajengwa kwa zege kama Dar inavyojengwa.

Kisha yakaja mabwawa. Hapa niende taratibu kidogo, kwa sababu watu wengi wanayachanganya.

Upande wa juu wa Nepean yalijengwa mabwawa manne, la kwanza Cataract lililokamilika 1907, kisha Cordeaux, Avon, na mwisho Nepean lenyewe mwaka 1935. Haya yaliupunguzia mto nguvu yake huko Camden na Bents Basin. Mafuriko makubwa sana bado yanapita, lakini yale ya wastani, ya kila miaka michache, ambayo yalikuwa yanafagia kingo na kuacha tope, mengi yanaishia nyuma ya kuta. Bwawa la tano ni Warragamba, na hilo halikuunyima mti mafuriko tu. Liliuzamisha. Ukuta wake wa mita 142 ulikamilika mwaka 1960 na maji yakapanda ndani ya bonde la Burragorang, bonde la Wagundungurra, lililokuwa na mashamba, makanisa na shule, na lililokuwa na miti hii kwenye tambarare zake. Watu walihamishwa. Miti mingi ilikatwa kabla maji hayajafika. Kedumba ilinusurika kwa sababu kijito chake kinashuka kutoka juu na kuingia ziwani pembeni, kwa hiyo maji yalifika mlangoni na kuishia hapo.

Asilimia 80 hivi ya maji ya Sydney yanatoka Warragamba. Nikifungua bomba kupika ugali napika na maji ya Burragorang, siwezi kujifanya niko upande wa miti peke yake.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Siku moja nilijiunga na kikundi cha watu wa kujitolea wanaong'oa magugu kwenye vilima vya karibu na Mount Annan, ambako kuna bustani kubwa ya mimea ya asili ya Australia na, tangu 2013, benki ya mbegu. Tulipewa misumeno, glavu, na kila watu wawili chupa ya dawa. Kazi yenyewe ni rahisi: mmoja anakata kijiti karibu na ardhi, mwingine anapaka dawa kwenye kisiki mara moja, kabla utomvu haujakauka, la sivyo kinachipua tena. Kiongozi akatushika mkono mpaka kwenye adui. Kichaka kizito, kivuli cheusi, chini yake hakuna kitu, hata jani la nyasi. Akageuza jani moja kutuonyesha alama: juu kijani kilichokolea kinachong'aa, chini rangi ya dhahabu iliyochomeka kidogo.

Nikalijua lile jani kabla hajataja jina. Ni oloirien.

Kwa asiyejua, oloirien ni mzeituni mwitu wetu. Kenya ya kati wanauita mutamaiyu. Koko yangu, yaani bibi yangu, alikuwa haweki maziwa kwenye kibuyu bila huo mti: anachoma kijiti mpaka kinakuwa kaa jekundu, anakiingiza kibuyuni, anakizungusha taratibu moshi ukitoka mdomoni mwa kibuyu, kisha anakwangua na kukung'uta. Maziwa yanakaa siku nyingi na yana ladha ambayo mtu aliyelelewa nayo haisahau. Fimbo za wazee ni hizo. Ni mti wa kukua polepole, mgumu, na kwetu unazidi kuwa adimu kwa sababu mkaa wake ni mzuri mno.

Huku unaitwa gugu. Uliletwa katikati ya karne ya 19, kutoka kusini mwa Afrika, kwa ajili ya ua na kwa ajili ya kupandikizia mizeituni ya matunda. Ndege wakayapenda matunda yake meusi, wakayabeba. Sasa umefunika vilima na kingo za mito kuzunguka Camden kiasi kwamba mwaka 2010 jimbo liliutangaza rasmi kuwa tishio kwa mimea ya asili. Chini ya kivuli chake mbegu ya mkaratusi haina nafasi hata mafuriko yapite kila mwaka.

Mwenzangu wa msumeno alikuwa mtu mzima kutoka Butembo, ambaye nilimfahamu siku ileile. Yeye hakuwa na habari na oloirien. Alikuwa anaangalia mikaratusi iliyozunguka.

"Mudogo yangu," akaniambia, "ii miti yote iko ya Butembo. Kwetu tunakata, tunachoma makala, tunajenga nyumba. Na huku wanailinda?"

"Si yote, kaka. Kuna mmoja tu wa mtoni."

"Na ule wa kwenu tunaua?"

"Huo tunaua."

Akacheka mpaka akalazimika kuweka chupa chini. Kisha akaniambia nikate, yeye atapaka, maana aliona nimeduwaa. Nikakata. Mti ule ni mgumu, msumeno unalia. Ndani ni kahawia yenye michirizi, na harufu ya vumbi lake ni ileile.

Na si oloirien peke yake. Chini, kwenye tambarare zenyewe za mto, adui wa mche ni nyasi, na nyasi yenyewe ni ile inayoitwa kikuyu, kwa jina la watu wa kule ilikotoka, nyanda za juu za Afrika Mashariki. Ililetwa Australia mapema karne ya 20 kwa ajili ya malisho, na leo viwanja vingi vya mpira vya Sydney vina kikuyu. Kwa ng'ombe na kwa mpira ni nyasi safi sana. Lakini inatambaa juu ya ardhi na chini ya ardhi kwa wakati mmoja. Mafuriko yakiifunika kwa tope inatoboa na kutokea juu, na ndani ya muda mfupi lile tope tupu ambalo mkaratusi ulilisubiri miaka kumi limekuwa zulia. Kwa hiyo mafuriko yenyewe, hata yakija, siku hizi hayatoshi. Hili ndilo linalonikera zaidi kuliko mabwawa. Ukuta unaweza kuufungulia milango. Kikuyu haifungi safari.

Hapa msomaji wa kilimo cha miti ataniambia: lakini ndugu, mti huu haupotei, umepandwa kila mahali. Ni kweli, na ndiyo maana nimeuchagua kuliko wenzake waliobaki miti michache tu mlimani. Benthamii unavumilia baridi. Unastahimili jalidi inayoua grandis, kwa hiyo makampuni ya mbao na karatasi yalipotaka mkaratusi kwa maeneo ya baridi, wakaja kuchukua mbegu zake. Leo upo kwenye maelfu ya hekta kusini mwa Brazili na Uruguay, upo nyanda za baridi za Afrika Kusini, ambako pia wanauzalisha chotara na grandis, na umejaribiwa majimbo ya kusini mashariki mwa Marekani. Idadi ya benthamii iliyoko mashambani Amerika Kusini inaifanya ile 6,500 ya Kedumba ionekane kama bustani ya shule.

Kupandwa si kuokolewa, na hilo ndilo nililotaka kulisema tangu mwanzo. Mti wa shambani umetokana na mbegu za miti michache iliyochaguliwa kwa unyoofu na kasi. Unakatwa ukiwa kijana. Haukutani na mafuriko, hauangushi mbegu kwenye tope, hauna pango shinani ambalo ndege au popo wa usiku anaishi, kwa sababu mapango ya namna hiyo huchukua mkaratusi zaidi ya miaka mia kuyatengeneza. Ukitaka kurudisha msitu wa Nepean kwa mbegu za Uruguay utapata mstari wa nguzo.

Hata pale nyumbani kwake, kinachobaki kinabadilika. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2005 uliangalia mbegu za miti iliyobaki, ukakuta kwamba kwenye vikundi vidogo miti inazaana ndugu kwa ndugu kuliko kwenye lile kundi kubwa la Kedumba, na pia inapokea chavua ya mkaratusi mwingine wa karibu, viminalis. Inaeleweka. Mti ukibaki peke yake malishoni, nyuki hawana pa kuchukua chavua ila kwenye tawi jingine la mti uleule, au kwenye spishi ya pembeni. Kwa hiyo anayeokota mbegu chini ya mzee mmoja wa Camden kwenda kuotesha anaweza kuwa anaotesha machotara bila kujua. Miche inayopandwa kingo za Nepean inabidi itokane na mbegu za miti mingi, zilizokusanywa kwa mpango, na ikishapandwa inabidi mtu aende kuipalilia kikuyu mwaka hadi mwaka mpaka ipite urefu wa nyasi. Hiyo kazi inafanywa na wastaafu wenye kofia pana, hasa, na wanafunzi wa shule wanaoletwa kwa basi.

Kedumba ndiyo tegemeo, na Kedumba nusura ichukuliwe. Mwaka 2016 serikali ya jimbo ilitangaza mpango wa kuinua ukuta wa Warragamba kwa mita 14. Sababu haikuwa ya kipuuzi hata kidogo. Bonde la Hawkesbury na Nepean ni kati ya mabonde yenye mafuriko ya hatari zaidi Australia, kwa sababu chini ya Penrith mto unabanwa na makorongo na maji yanarudi nyuma yakijaa kama beseni. Mwaka 1867 maji yalifika mita 19.7 mjini Windsor. Machi 2021 yakaja tena, na mwaka 2022 yakaja mara kadhaa mfululizo. Nawajua watu waliotoa magodoro yao juu ya paa la gari. Mmoja, wa huko Windsor, alikuwa amefika kutoka kambi ya Kakuma miaka michache tu kabla, na alikuwa anauliza, kwa haki kabisa, kwa nini hakuna aliyemwambia kwamba nyumba ya bei nafuu ilikuwa bei nafuu kwa sababu hiyo.

Ukuta mrefu ungeyashikilia maji ya mafuriko nyuma yake kwa muda na kuyaachia polepole. Utadhani mti unaopenda mafuriko ungefurahi. La. Mafuriko ya mto yanakuja kwa kasi, yanafagia, yanaondoka ndani ya siku chache. Maji ya bwawa yanasimama. Yanapanda juu ya bonde la Kedumba na kukaa siku nyingi, hata wiki, bila hewa ardhini, yanaacha matope mazito juu ya mizizi na kwenye majani ya miche, na yakishuka yanaacha magugu yaliyoelea kutoka kila upande. Eneo lenyewe ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na sababu kubwa mojawapo ya kupewa heshima hiyo ilikuwa ni utajiri wa mikaratusi, aina 90 na ushee ndani ya eneo hilo. Wagundungurra walipinga pia, kwa sababu yale yaliyonusurika mwaka 1960 ndiyo yangezama safari hii. Mwaka 2023 serikali mpya ya jimbo ikauacha mpango huo.

Nilifurahi. Na nilipompigia simu yule wa Windsor sikujua nimwambie nini, kwa hiyo tukazungumza habari za watoto. Serikali inasema badala ya ukuta kutakuwa na barabara bora za kuhama, na kuzuia nyumba mpya kujengwa bondeni. Ikiwa hayo hayatafanyika, mafuriko makubwa yajayo yatarudisha hoja ya ukuta mezani siku inayofuata, na safari hiyo hakuna mwanasiasa atakayesimama kuutetea mti.

Kama uko Sydney na unataka kuuona, Kedumba sehemu za karibu na ziwa zimefungwa kwa ajili ya kulinda maji ya kunywa, usijisumbue. Nenda Bents Basin. Achana kwanza na dimbwi, fuata tambarare kando ya mto, tafuta shina lenye gome gumu chini na weupe mtupu juu, kisha angalia ardhini kuzunguka kama kuna mche wowote wenye majani mapana ya samawati yaliyokaa mawili mawili. Ukiupata, usiung'oe kupeleka nyumbani, na mbegu usitume Tanzania. Forodha zote mbili zitakusumbua na Meru haina shida ya mikaratusi. Nyasi iliyouzunguka mche unaweza kuing'oa. Vaa glavu.